Kiti cha Somo

Mimi ni fundi wa vitanda. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nilizaliwa juu ya pikipiki. Shule niliishia darasa la nne. Baba alinikabidhi randa akasema, "Kalamu yako hii," na tangu siku ile nimechonga vitanda pale Dunda mpaka mgongo wangu umeshika umbo la benchi. Nimewachongea maharusi ambao leo wajukuu wao wananiamkia. Kwa hiyo nikiandika ovyo nisameheni. Nikichonga ovyo, hapo msinisamehe.

Pikipiki niliipata kwa vitanda. Kuna Mzungu alishuka nayo Afrika nzima, akafika Bagamoyo mgongo ukamkatalia, akarudi kwao kwa ndege na pikipiki akamwachia mwenye nyumba ya wageni, na karatasi zake zote. Mwenye nyumba hata kuisimamisha alikuwa hajui. Ilikaa bandani mwaka na zaidi, kuku wanatagia juu ya kiti. Mimi niliitwa pale kuchonga vitanda kumi na viwili. Siku ya tatu nikamwambia, "Bwana, pesa usinipe. Nipe hilo dude." Alicheka sana. Alipoona mimi sicheki, akaenda ndani kuleta kadi.

Sasa usifikirie bodaboda. Bodaboda ukiiweka karibu yake ni mbuzi ubavuni mwa ngamia. Ina silinda mbili zimetokeza huku na huku, kama viwiko vya mwanamke aliyeshika kiuno mlangoni anakungoja useme ulikuwa wapi. Vijana wa kijiweni walipoiona siku ya kwanza, mmoja akaniambia, "Babu, ukianguka nayo hiyo tukuzike nayo?"

Nikamjibu, "Mwenye nguvu za kuiinua na anizike nayo. Haya, inua."

Nikailaza mchangani makusudi. Wakaja wawili, wakaishika, ikanyanyuka nusu wakaiachia. Nikaigeuzia mgongo, nikaweka makalio kwenye kiti, nikasukuma kwa miguu kama ninavyosimamisha kabati. Ikasimama. Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza habari za kaburi.

Lakini miguu yangu ni mifupi, sitaficha. Kiti cha Mzungu kilinifanya niguse chini kwa ncha za vidole. Nikakivua, nikachonga ubao wa mninga ulioingia chini, nikapunguza sponji, nikawamba ngozi mpya. Masanduku mawili ya pembeni aliniundia fundi bati, kulia moja na kushoto moja. Nikajifunza kwenda Kaole na kurudi, kisha Makurunge, kisha Fukayosi, ambako nilianguka mbele ya mkutano mzima wa hadhara. Mwenyekiti alisimamisha hotuba mpaka niliponyanyuka. Hiyo nitaiacha, si habari ya leo.

Habari ya leo ni mke wangu. Mke wangu ni somo. Binti akivunja ungo hukabidhiwa kwake, naye humfunda mpaka siku ya kuolewa. Mambo ya ndani mimi siyajui, na ningeyajua nisingeandika. Ninachokijua ni kwamba jambo la kwanza analomfundisha mwari ni kukaa. Magoti pamoja, nguo imefika chini. Mtaa mzima, msichana akikaa vizuri watu hujua huyo kapita mikononi mwa nani.

Dada yake mkubwa anaishi Pangani. Miaka tisa hawakuwa wameonana, na sababu yake ni moja, basi. Mke wangu akipanda basi hutapika. Hajafika Makurunge tayari kajaza mfuko wa kwanza. Tumejaribu ndimu, tumejaribu tangawizi, tumejaribu kunusa karafuu. Safari ya mwisho alifika Pangani kabebwa, akalala siku mbili, akaapa hapandi tena.

Basi, mjukuu wa dada huyo alikuja kwetu likizo akiwa msichana mdogo, akavunjia ungo nyumbani kwetu. Mke wangu akawa somo wake. Mwaka huu binti akaposwa. Dada akapiga simu, na simu za dada hazina salamu ndefu.

"Singo ni Alhamisi alasiri. Somo ndiye anayemsugua mwari manukato, wajua. Usipofika, nitamshika jirani hapa. Mtoto analia hataki jirani, lakini harusi haimngoji mtu."

Mke wangu aliiweka simu chini akaenda kukaa uani. Hakula mchana ule. Jioni nikamwambia, "Mimi nitakupeleka. Ile haina madirisha, upepo wote wako. Hutatapika."

"Nikae vile mnavyokaa nyie? Nimetanua miguu?" akasema. "Mimi? Nifike harusini kwa dada yangu kama dereva wa trekta, halafu nimwambie mwari akunje magoti? Wee mwanaume, una akili?"

"Kwani lazima utanue? Mimi fundi wa nini?"

Nikafanya kazi siku nne. Nilichonga kiti cha upande, kina egemeo na mkono wa kushika, nikakiwamba kwa ukili aliousuka mwenyewe, maana alisema ngozi itamchoma makalio. Sanduku la kushoto nikaling'oa, mahali pake nikaweka ubao wa kuweka miguu. Kiti kikakaa juu ya keria kwa boliti nne. Fundi pikipiki aliponiona alisema matundu hayo hayafuati keria, nimeyatoboa mraba kamili kama ya kigoda. Nikamwambia ndivyo mkono wangu ulivyozoea.

Tulipojaribu, pikipiki ikalalia kushoto. Uzito wake wote ulikuwa upande ule. Nikafikiri, nikaweka tofali kwenye sanduku la kulia, ikasimama sawasawa. Mke wangu akauliza mle kuna nini. Nikamwambia. Akashuka.

"Niende kwa dada na tofali? Watu wakifungua wakute tofali?"

Tukapatana kwamba uzito uwe zawadi, tofali liishie Kiwangwa. Alhamisi baada ya swala ya alfajiri tukaondoka, yeye na baibui lake, ushungi, na kofia ngumu juu yake kama sufuria juu ya kifuniko. Tulipofika Kiwangwa tukalitoa tofali, tukajaza sanduku mananasi kumi na manne, makubwa, yenye vishungi vyao. Na hapo, ndugu msomaji, ikakaa! Ikatulia kama mizani ya Mhindi. Barabara ya lami kuelekea Msata imenyooka, jua bado jipya, na nyuma yangu nasikia mtu anaimba taarabu. Safari ya kwanza kwa miaka tisa, na hajatapika.

Lakini nilisahau jambo moja, nalo ndilo kosa langu katika hadithi hii. Nilihesabu uzito wa mke na uzito wa mananasi. Sikuhesabu mkono wa mke. Mwanamke wa kwetu hapiti mbele ya watu na chakula akakifunika.

Tuliposimama Mkata kunyoosha mgongo, bibi mmoja alitupa maji ya kunawa. Akapewa mananasi matatu. Bibi mwenyewe alikuwa na wakwe zake uani, wakapewa mawili. Tulipofika Segera askari wa barabarani akatupungia tusimame. Akaizunguka pikipiki mara mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Hiki nini?"

"Kiti."

"Mnatoka wapi na kiti?"

"Bagamoyo."

Akacheka meno yote. "Wazaramo! Watani zangu kabisa, mimi Mnyamwezi. Kwa hiyo Mzaramo umekosa nauli ya basi, umemfunga mama nyuma kama mzigo wa kuni?"

"Mnyamwezi," nikamwambia, "mababu zako walikuja Bagamoyo kwa miguu, pembe za ndovu vichwani. Mimi walau nina tairi."

Akataka kukijaribu. Mke wangu akashuka, askari akakaa yeye, miguu juu ya ubao, akatikisa egemeo, akatazama boliti zote nne moja moja. "Mama, hiki kinashinda cha ofisini kwetu," akasema. Mke wangu akamtolea nanasi. Akarudisha mikono nyuma. "Hapana mama. Nikilipokea hapa barabarani litabadilika jina."

Basi wakapewa kina mama waliokuwa wanauza mahindi ya kuchoma kando yake. Wote wanane, kila mmoja lake.

Tulipotoka Segera nikaanza kuhisi usukani unavuta kushoto, kama punda aliyeona majani. Tulipofika Muheza, tukaiacha lami na kushika barabara ya vumbi ya kwenda Pangani, nikajua kwa hakika kuna kitu. Lilikuja bonde moja lenye mchanga, pikipiki ikalala, nikatupa mguu, goti langu bovu likalia, tukasimama tumeinama kama mnazi wa ufukweni. Mke wangu akaruka. Nikaenda kufungua sanduku la kulia. Lilikuwa na nanasi moja.

"Mananasi yako wapi?"

"Yako kwa watu."

"Mama, yale yalikuwa uzito!"

"Wewe ulisema ni zawadi."

Nikaanza kuokota mawe kando ya barabara. Akanitazama tu, nikayaacha. Lakini hata mawe yasingetosha, nitasema kweli. Kwa barabara ile ya mikunjo kama bati, kukaa upande ni kungoja kuanguka.

Simu ikalia. Dada. Alisema kwa sauti ya kutosha mimi kusikia, "Singo limeshasagwa, liwa tayari. Mko wapi?"

"Tumeipita Muheza."

"Ikilia adhana ya alasiri namwita jirani."

Mke wangu akatazama barabara. Ilikuwa tupu, mkonge huku, minazi kule. Akatazama kiti alichokisukia ukili. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Hicho kiti hakigeuki?"

Nikainama nikatazama. Boliti nne, mraba kamili. Wallahi nilicheka peke yangu. Kiti cha mraba unakigeuza upande wowote unaotaka! Fundi wa pikipiki angetoboa kufuata keria, na tungelala pale. Nikatoa spana, nikang'oa, nikakielekeza mbele, nikafunga. Ubao wa miguu nikaulaza juu ya keria, nikaukaza kwa kamba.

"Una suruali nyingine?" akauliza.

Ninayo. Akaichukua. "Geuka."

"Mama, tumeoana miaka arobaini."

"Geuka, nakwambia."

Nikageuka, nikatazama mkonge. Nilipoitwa alikuwa kaivaa chini ya baibui, kakunja pindo mara tatu, na tayari yuko juu, mguu huku na mguu huku, mikono kiunoni kwangu. Sikuthubutu kucheka, maana nampenda na namwogopa.

Nikawasha. Uzito ulikaa katikati, pikipiki ikawa mpya. Ile mikunjo tuliyokuwa tunaipanda mmoja mmoja sasa tuliiruka juu juu. Vumbi likabaki nyuma. Nikasikia ngumi yake inanigonga begani, nikadhani kaumia, nikapunguza mwendo. Akanipigia kelele sikioni, "Nani kakwambia upunguze?"

Nikaongeza. Nimechonga vitanda maisha yangu yote, vitu vya kulalia, na sijawahi kuhisi kama nilivyohisi barabara ile.

Nyumba za Pangani zilipoanza kuonekana nikasimama, nikatoa spana. Tulikuwa tumekubaliana bila kusemezana, au mimi nilidhani hivyo, kwamba ataingia mjini kwa heshima yake, amekaa upande.

"Unafanya nini?"

"Nageuza kiti."

Akatazama jua. "Rudisha spana. Twende hivi hivi."

Tukaingia hivyo. Uani kwa dada walijaa wanawake na ndoo na khanga, na tulipoupita mlango wa ua na silinda zile mbili zinanguruma, wote wakageuka. Mke wangu akashuka, baibui likapanda, suruali yangu ya kazini ikaonekana na gundi yake ya mbao gotini. Mwanamke mmoja akasema, wala hakunong'ona, "Huyu ndiye somo? Si ndiye yule mfundishaji wa kukaa?"

Mke wangu akavua kofia, akanyoosha ushungi. "Kukaa nilishamfundisha," akasema. "Leo namfundisha kufika. Maji ya kunawa yako wapi?"

Kigelegele cha kwanza alikipiga dada mwenyewe, mlangoni, na macho yake mabovu hata hayakuwa yamemwona vizuri, kaijua sauti. Cha pili kilitoka chumbani kwa mwari. Baada ya hapo sikuvihesabu. Mke wangu alikuwa na singo viganjani mwadhini alipoanza adhana ya alasiri, na jirani, mwanamke muungwana, alikuwa kashika bakuli anamsaidia.

Mimi nilipewa mkeka nje na wanaume. Walikula pilau huku wameizunguka pikipiki, na kila mmoja aliniuliza inatumia mafuta kiasi gani. Nanasi lile moja lilikatwa vipande vyembamba, kila mtu akapata chake. Lilikuwa tamu.

Jumatatu asubuhi, tulipofunga mizigo, nikatoa spana nikauliza kwa adabu, "Mama, kiti nikiweke upande gani?"

Alikuwa anamuaga dada yake, wameshikana mikono kama wasichana. Hakugeuka hata kunitazama.

"Kielekee mbele," akasema. "Nilikuja sijaona njia, nimeona minazi ya upande mmoja tu. Na gunia hilo la nazi la dada lifunge vizuri. Tukipita Segera kuna mtani pale nataka anione."