Siku Mama Alipokata Duka

Harufu ya rangi ya mafuta hunichokoza. Wiki jana jirani yangu hapa Muthangari alikuwa akipaka geti lake rangi nyekundu. Nikafungua dirisha asubuhi, hewa ikaingia, na kabla sijaonja chai nilikuwa nimeshakasirika. Mume wangu akauliza, "Sasa nani amekukosea na hata hujanawa uso?" Nikamwambia ni watu wa barabara.

Nilikuwa darasa la tano watu wa barabara walipotujia. Mama, ambaye Kangemi nzima ilimwita Mama Vayo kwa sababu yangu mimi Violet, alikuwa fundi wa nguo. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu cha mawe, mlango ukitazama Waiyaki Way. Mbele kulikuwa na cherehani mbili na meza ya kukatia, halafu pazia, na nyuma ya pazia tulilala mimi na yeye. Alishona sare za shule, majoho ya kwaya, na aproni za akina dada waliofanya kazi Lavington. Kulinukia mafuta ya cherehani na kitambaa kipya kilichopigwa pasi ya makaa. Kwa hiyo mkisikia mtu akisema "vibanda vya kando ya barabara", jueni kwamba mimi nililelewa ndani ya kimoja, na hakuna aliyekuwa amenijulisha kwamba ni kibanda.

Walikuja wanaume watatu Jumamosi asubuhi, na mkebe wa rangi na brashi. Mmoja, mwenye koti la kung'aa, alipiga hatua kutoka kwenye lami hadi mlangoni petu, akahesabu midomo ikicheza, akanyoosha kidole. Mwenzake akachora X nyekundu kutoka juu ya dirisha hadi karibu na kizingiti. Wakaendelea kwa mwenye bucha, kwa kinyozi, kwa muuza viatu, mstari mzima, bila kusalimu mtu.

Sasa, X mimi niliijua vizuri. Mwalimu wa hesabu alinichorea kila siku. Nikaingia ndani nikamwuliza Mama, kwa sauti ya chini ili wateja wasisikie aibu yetu, tumekosa swali gani. Mama alicheka hadi akashika meza. Mchana huo tulipeleka aproni Lavington, na njia nzima nilikagua zile kuta ndefu zenye maua juu na askari getini. Sikuona X hata moja.

"Hawa wote walipita?" nikauliza.

"Hawa hawakufanyishwa mtihani," Mama akasema, akaongeza mwendo.

Tulipewa mwezi mmoja kuhama, barabara ipanuliwe. Majirani walikutana kwa bucha, wakapiga kelele, wakatawanyika. Muuza viatu aling'oa mabati yake akaenda. Mjomba alipiga simu kutoka kwetu Vihiga akamwambia Mama afunge virago, kwamba Nairobi ina wenyewe. "Na mimi ni mmoja wao," Mama akamjibu, akakata simu. Duka ndilo lililokuwa chakula chetu, karo yangu na kitanda chetu. Hatukuwa na lingine.

Kilichomkera zaidi, nadhani, ni zile hatua. "Mtu mzima anapima kwa miguu!" alirudia siku nzima, kwa kila mteja. "Mimi nikupime kwa macho, suruali itakukaa?" Basi akavaa nguo yake ya kanisani akaenda kwa ofisi yao mjini. Siku ya kwanza wakamwambia arudi kesho. Siku ya pili wakamwambia mwenye faili ametoka. Siku ya tatu alibeba sweta ya mtoto wa mtu, akaketi kwenye benchi akishona vifungo, hadi karani mmoja akachoka kumwona, akamwonyesha ramani. Mama akanakili vipimo vya barabara kwenye daftari lake la wateja, chini ya kifua na kiuno cha shemasi mmoja mnene wa kanisa letu.

Jumapili alfajiri, magari yakiwa machache, tukatoka na tepu yake ya kupimia nguo, inchi sitini. Nilishika mwanzo, yeye akashika mwisho, akachora kwa chaki, nikasogea, tukaanza tena. Kutoka katikati ya barabara hadi nyumbani. "Shika hapo! Usivute, si lastiki!" Dereva mmoja wa lori alitupigia honi akauliza kama tunaishonea barabara nguo. Mama akaendelea kuchora. Mlangoni hatukusimama. Tepu iliingia ndani, ikapita cherehani ya kwanza, ikapita meza ya kukatia, na hapo ndipo hesabu ikaisha, hatua tatu kabla ya pazia. Mama akapiga magoti, akachora mstari wa bluu sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta.

"Si lote," akasema. "Walitaka lote, na hata si lote."

Nilidhani sasa tutapigana. Niliwazia Mama amesimama mlangoni mikono imetanuka, mimi nyuma yake na mawe. Badala yake, Jumatano nilitoka shule nikakuta mbele ya duka hakupo. Mzee Kariuki, fundi wa mawe, alikuwa juu ya ngazi akishusha ukuta wetu jiwe moja moja, na Mama akiyapokea na kuyapanga kando kama mtu anayetoa vyombo kabatini. Nilitupa mkoba chini.

"Umewasaidia!" nilimpigia kelele mbele za watu. "Hata kabla hawajakuja, umewasaidia!"

Wanawake waliokuwa wakipita walisimama kuona nitazabwa kofi la aina gani. Mama akapokea jiwe jingine. "Vayo, shika ndoo ulete maji ya simiti," akasema. Niliyaleta nikilia, na sikumsemesha siku mbili, jambo ambalo kwangu lilikuwa kazi ngumu kuliko hayo maji.

Ukuta mpya ulipoanza kupanda, Mzee Kariuki alitaka kuusimamisha juu ya chaki kabisa. Mama akamzuia.

"Toka nje kidogo. Niachie inchi sita za pindo."

"Mama Vayo, ukuta hauna pindo."

"Wangu unalo."

Mzee akatikisa kichwa, akasogeza kamba yake. Walitumia mawe yale yale ya zamani, na kwa kuwa hawakufuata mpango wake wa kwanza, ile X ilitawanyika. Jiwe moja jekundu likaangukia chini, jingine juu ya mlango, mengine yakageukia ndani kwetu.

Mwezi ulipoisha, tingatinga lilikuja asubuhi ya Jumatatu. Liliangusha bucha kwa pigo moja, na vumbi lake liliingia hadi mdomoni. Lilipofika kwetu likasimama. Yule mwenye koti akashuka, akatazama karatasi, akatazama ukuta.

"Hapa kulikuwa na X."

"Iko wapi?" Mama akauliza. Akavua tepu shingoni akampa. "Leo pima vizuri."

Mwanamume akapima, maana watu walikuwa wameshajaa wakimtazama. Alipima mara mbili. "Madam, umeingia kwa barabara inchi sita."

"Mimi sijaingia popote. Hii barabara ndiyo ilinipata hapa. Na hilo ni pindo."

Dereva wa tingatinga ndiye aliyeangua kicheko kwanza. "Boss, inchi sita hata meno ya hii mashine haiwezi shika. Twende!" Na wakaenda, wakaanza kwa kinyozi.

Tuliishi katika nusu ile miaka yote ya shule yangu. Tulilala chini ya meza ya kukatia, na mteja mnene akija kupimwa ilibidi mimi nitoke nje. Nilikua nikimwona Mama kama mtu aliyekubali kipande na kushukuru. Sikumwambia tena, lakini niliamini hivyo.

Mwaka juzi alimshonea binti yangu sare ya kwanza ya shule. Duka bado lipo, na watembea kwa miguu hulazimika kukwepa kona yake kidogo. Nilimwona akikunja pindo kubwa, kiganja kizima, nikamwambia anaharibu kitambaa. "Pindo haliharibiki," akasema bila kunitazama. "Mtoto akikua unafumua." Akaendelea kushona. Mimi nikaketi. Miaka yote hiyo hakuwa amekubali kwamba ile nusu ndiyo saizi yake. Alikuwa amejiwekea nafasi ya kukua, mbele ya macho yao, juu ya ardhi waliyosema ni yao.

Na mashine yao ilikuja imejiandaa kuangusha duka la Mama, watu wakiangalia, na hawakupata cha kuangusha. Mimi nikamwambia amewasaidia, mbele ya mtaa mzima, na sijawahi kulirudisha neno lile. Basi nalirudisha hapa, nanyi muwe mashahidi. Hakuwasaidia. Aliwanyima.