Andazi Kwenye Kamba

Mimi sijawahi kujua kukimbia. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani hii ni habari ya shujaa wa michezo. Nikikimbia, miguu huenda zake, mikono huenda zake, na kichwa hubaki nyuma kikiuliza kuna nini. Mama alikuwa akiniona dirishani nikiwahi shule, anacheka mpaka anashika ukuta. Na huyo ndiye aliyenipenda.

Nilisoma Nyeri mjini, miaka ya sabini, katika shule ya msingi ambayo uwanja wake ulikuwa mteremko mtupu. Kwetu ni mtaa wa Majengo. Babu alifika huku na watu wa safari kutoka pwani, akamwoa nyanya, Mgikuyu aliyesilimu, na tangu hapo tukawa watu wa Nyeri ambao kila mgeni anawauliza kwao hasa ni wapi. Baba alikuwa fundi cherehani. Mama alipika mandazi ya iliki alfajiri na kuyauza mlangoni.

Kipindi cha michezo kilikuwa Alhamisi. Zamani hakikunisumbua. Tulisimama mistari, tukaambiwa mikono juu, mikono chini, ruka, simama, na aliyechelewa kuruka hakuonekana katikati ya wengi. Mimi nilijificha humo miaka mitano mizima, raha mstarehe. Nilipofika darasa la sita tukaletewa mwalimu mpya, kijana mwembamba kutoka Ukambani, ambaye baridi yetu ilimtesa hata akavaa sweta mbili. Yeye alitoka chuo cha ualimu na mambo mapya. Mchezo, alituambia huku meno yakigongana, si wa kumwacha mwenzako nyuma, ni wa kufika pamoja naye. Kwa hiyo alitugawa makundi ya watu wanne wanne, na sheria yake ilikuwa moja katika kila mchezo: kundi halijamaliza mpaka kila mtu amemaliza.

Maneno mazuri, nakubali. Lakini kwangu yalikuwa msiba. Zamani nilikuwa nikishindwa peke yangu, kimya kimya. Sasa nikawa nashindisha watu watatu wasio na hatia. Tukifungwa miguu wawili wawili, mwenzangu alianguka. Tukipitisha mpira juu ya vichwa, uliishia usoni mwangu.

Ubaya zaidi ulikuwa kuchaguana. Mwalimu aliwaita viongozi wa makundi mbele, nao wakataja watu mmoja mmoja. Kiongozi wetu alikuwa binti wa polisi mmoja aliyehamishiwa Nyeri kutoka magharibi. Waliishi kwenye nyumba za polisi, si mbali na Majengo. Alikuwa na miguu mirefu na sauti ya kuamrisha gwaride, na hakupenda kushindwa hata kwenye kuimba. Kila Alhamisi ilikuwa ni mimi yuleyule ninayebaki peke yangu kwenye nyasi, na kila Alhamisi ni kundi la binti wa polisi lililokuwa na upungufu wa mtu. Watu husema fulani alichaguliwa wa mwisho. Si kweli. Wa mwisho hachaguliwi, anabaki. Binti wa polisi alivuta pumzi, akasema, "Haya basi, kuja." Hiyo "haya basi" iliniuma mpaka Alhamisi ya pili.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu duniani: niitwe kwanza. Mara moja tu, halafu nife.

Basi siku moja, muhula wa tatu, mwalimu akatangaza kwamba wiki ijayo patakuwa na shindano la kula mandazi. Kamba itafungwa kutoka mlingoti hadi mlingoti wa goli, mandazi yataning'inizwa kwa uzi, na kila mtu atakimbia mikono nyuma, ale lake kwa mdomo mtupu, arudi amguse mwenzake. Makundi yachaguliwe leo ili watu wajiandae.

Binti wa polisi hakufikiri hata kidogo. Alininyooshea kidole.

"Wewe! Wa Majengo! Kuja hapa, mbio!"

Niligeuka kuangalia nyuma yangu kuna nani. Hakukuwa na mtu.

Kumbe alikuwa akiniona kila asubuhi njiani. Mkono mmoja nilibeba vitabu, wa pili nilishika gauni lisichafuke kwa tope, na andazi la mama lilikuwa mdomoni, likiingia lenyewe polepole bila kuguswa na mkono. Wenzake walipolalamika, akawaambia, "Nyamazeni. Huyu iko na mdomo ya kazi." Wallahi sijawahi kusifiwa hivyo tena, hata siku ya harusi yangu.

Nikafanya mazoezi wiki nzima. Nilitundika mandazi kwenye misumari ya jikoni, mikono nyuma, nikayashambulia. Mama aliuliza kama nimeingiwa na kitu. Binti wa polisi akanipanga wa mwisho kukimbia, kwa sababu nafasi hiyo ni ya mtu wa kutegemewa. Mimi, wa kutegemewa! Nilitembea Nyeri nzima kifua mbele.

Kitu kimoja tu nilikisahau, nacho kilikuwa mwezi.

Ramadhani ilikuwa karibu. Mwaka huo nilikuwa nimeapa mbele ya baba na mama kwamba sasa mimi ni mtu mzima, nitafunga mwezi mzima, si ile saumu ya watoto ya kuishia adhuhuri. Baba alikuwa amesema mwezi utaandama Alhamisi jioni, tutaanza kufunga Ijumaa. Nilipiga hesabu nikaona niko salama: Alhamisi mchana nitakula mandazi ya watu, Ijumaa nitakuwa mcha Mungu.

Jumatano jioni wazee walitoka msikitini kutazama, kwa desturi tu, maana Nyeri siku hizo huoni hata mlima, sembuse mwezi mchanga. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mabati. Kila mtu alisikitika isipokuwa mimi. Kisha tukarudi ndani kusikiliza redio, nami nikaomba dua nzito kabisa, nikimsihi Mola ateremshe mawingu mpaka Mombasa, mpaka Lamu, asibaki mtu wa kuona chochote. Redio ikatangaza kwamba mwezi umeonekana pwani.

"Umeandama!" Baba akaruka kitini. Majirani wakapongezana kupitia kuta. Mama akanikumbatia, akaniona nalia, akafurahi zaidi. Alidhani ni machozi ya imani.

Alfajiri, baada ya daku, mama akanipa habari nyingine. Mwalimu wetu alikuwa amepita jana akaagiza mandazi ya shindano kwake. Kwa hiyo niyabebe mimi. Akanitwika beseni kichwani, lina joto bado, akalifunika kitambaa.

"Na usionje hata punje," akasema. "Leo wewe ni mtu mzima."

Nikapanda kilima kwenda shule na harufu ya iliki ikiniteremkia puani njia nzima. Hapo ndipo nilipopata fikira ambayo niliiona ya busara sana. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulifundishwa kwamba mwenye kufunga akila kwa kusahau, saumu yake haiharibiki, kwani Mungu mwenyewe ndiye aliyemlisha. Basi dawa ilikuwa rahisi. Nisahau tu.

Nyinyi mmewahi kujaribu kusahau kitu kwa makusudi? Niliimba jedwali la hesabu. Nilihesabu vigingi vya ua. Nilifikiria habari za ng'ombe. Kila nilipogundua kwamba nimesahau, nilifurahi, na kwa kufurahi nikakumbuka. Kufika mchana nilikuwa nimesahau mambo mengi, pamoja na jibu la kila swali la mwalimu wa historia, lakini hilo moja halikutoka. Na tumbo nalo lilikuwa likinguruma darasani mpaka mwenzangu wa dawati akasogea. Ningewaambia wa kundi langu mapema, najua. Lakini kuwaambia ni kurudi kule kwenye "haya basi," na sikuwa tayari.

Shindano likaanza. Binti wa polisi alikwenda kwanza, akalimaliza lake upesi ajabu. Wa pili, msichana wa Chaka aliyekaa kwa shangazi yake karibu na soko, akapigana na lake, akashinda. Wa tatu, binti wa karani mmoja wa serikali, akarudi mashavu yamejaa. Tulikuwa mbele ya makundi yote. Kitu hicho kilikuwa hakijawahi kutokea mimi nikiwamo.

Nikaguswa bega. Nikakimbia ule ukimbiaji wangu, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyecheka. Walikuwa wakishangilia. Nilifika kwenye kamba. Andazi lilikuwa likicheza kwa upepo, la pembe tatu, la mama kabisa, nikalijua hata aliyelikata. Na nawaambieni kweli, wakati huo nilikuwa nimesahau. Kelele zile zilikuwa zimefuta kila kitu. Sikuwa na saumu wala Ramadhani, nilikuwa na mdomo wazi tu.

Nikasema, "Bismillahi."

Ni mazoea. Kwetu mtoto hatii tonge mdomoni bila kusema hivyo, mama atakupiga mkono. Ulimi ulisema wenyewe, na masikio yakasikia, na hapo hapo nikakumbuka kila kitu, kuanzia redio hadi machozi ya mama. Nikabaki nimesimama, mdomo wazi, andazi likinipiga puani, likienda, likirudi.

"Kula!" binti wa polisi akapiga kelele. "Unaangalia nini? Kula!"

Kundi la jirani likamaliza. La pili likamaliza. Mimi nikaanza kulia kwa sauti, mikono bado nyuma, maana hakuna aliyeniambia niirudishe mbele.

Mwalimu akaja mbio na sweta zake mbili. "Kuna nini?"

"Nimefunga, Mwalimu. Ramadhani imeanza leo."

Maskini, aliona haya kuliko mimi. Akajishika kichwa, akaniomba msamaha, akasema basi, kundi letu lihesabiwe watu watatu, wamemaliza vizuri sana. Binti wa polisi alikuwa amefika. Nilitazama chini, nikingoja kutukanwa.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Si ulisema kundi haijamaliza mpaka kila mtu amalize? Sisi hatujamaliza." Akanigeukia. Alikuwa amekasirika kweli, mishipa ya shingo imesimama. "Mnakulanga saa ngapi?"

"Jua likitua."

Akaruka, akalinyofoa andazi pamoja na uzi wake, akalifunga katika leso, akaondoka. Sikujua maana yake. Nikarudi nyumbani na beseni tupu, nikajilaza, nikasema basi, nimemaliza kazi duniani.

Jioni mama alikuwa ameandaa tende, viazi na uji wa pilipili manga, baba amekaa karibu na mlango akisikilizia adhana, mara tukaona wasichana watatu wamesimama nje, binti wa polisi mbele. Mama akadhani nimepiga mtu. Hakunijua vizuri.

"Shikamoo mama," akasema binti wa polisi. "Sisi tuko na mchezo haijaisha."

Wakaketi mkekani, hawakugusa kitu ingawa mama aliwasihi. Walisema watangoja. Sote tukangoja, yule wa Chaka akitazama sahani ya viazi kwa huzuni kubwa. Adhana ilipolia, mama akanitia tende mdomoni kwa nguvu, ndipo binti wa polisi akapanda kwenye kigoda cha baba, akashusha uzi. Andazi lilikuwa limekauka, limeshika nyuzi za leso.

"Mikono nyuma!"

Nikasema Bismillahi, mara hii kwa furaha. Nililikosa mara ya kwanza, likanipiga jicho. Nikalipata, likanikwama, nikakohoa, yule binti wa karani akanipiga mgongo, baba akacheka mpaka uji ukamwagika kwenye kanzu. Nililimaliza. Binti wa polisi akaangalia mdomo wangu ndani, kama anavyofanya mnunuzi wa ng'ombe, kisha akanyanyua mikono.

"Tumemaliza!" Ndipo wakakubali kula, na mama hakubakiwa na kiazi.

Asubuhi binti wa polisi akamwarifu mwalimu, naye akatuandika ubaoni: wa mwisho, wamemaliza. Sijui kwa nini nilisoma ubao ule siku nzima.

Alhamisi iliyofuata zilikuwa mbio za kupokezana vijiti. Viongozi wakaanza kuchagua. Akaitwa huyu, akaitwa yule, nami nikasimama nikijiambia kwamba sasa mambo yamebadilika, nitaitwa. Nyasi zikazidi kuwa tupu. Mwishowe nikabaki mimi. Kumbe hata tufuturu pamoja, mbio ni mbio. Nilihisi machozi yanakuja.

Binti wa polisi hakuvuta pumzi. Alikuwa ananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayechelewesha watu.

"Si ukuje! Unangoja nini?"

"Hujaniita," nikasema.

"Nikuite ya nini?" Akashangaa kweli. "Nimeanza na wale wanaweza kuibiwa. Wewe nani atakuiba?"

Nikaenda kusimama mahali pangu, nyuma yake, nikicheka na kulia pamoja. Kijiti kiliniponyoka mara mbili.