Kiti cha Chefu na Mawe Yetu

Kabla sijajua kusema mbele za watu, nilikuwa nakohoa. Haukuwa ugonjwa. Mtu akinigeukia tu na kuniuliza, "Na we mama, unasema nini?", pale neno lilipopaswa kutoka kinatoka kikohozi. Kanisani nikiitwa kutoa ushuhuda nilikohoa, kina mama wakaniletea tangawizi. Siku ya mahari yangu wajomba waliniuliza kama kweli namtaka yule kijana. Nikakohoa. Wakasema amekubali, mbuzi wakapokelewa. Bahati nzuri nilikuwa namtaka, lakini hadi leo najiuliza: kama nisingemtaka, ningekohoa namna gani? Watu walinifariji kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo wenyewe ndio ulikuwa kikohozi.

Huenda ningezeeka hivyo kama si habari ya mawe. Hapa Baraka, kando ya ziwa, kina mama wa mtaa wetu tuna mawe yetu mapana, na hapo ndipo tunapofua na kuchota maji. Bwana mmoja mwenye maboti akaomba apewe mahali hapo, apate pa kuvutia maboti yake nchi kavu. Sisi, alisema, tutachota kule kwenye matete, ni hatua chache tu. Kweli ni hatua chache. Ila kwenye matete kuna mamba. Jirani yangu alikwenda kufua kule mara moja, mamba akaondoka na beseni na nguo zake zote, na siku mbili baadaye alionekana akiota jua na kitenge cha jirani shingoni. Jirani alikitambua kwa maua yake, akasema kimempendeza kuliko yeye. Mtaa mzima ulicheka. Mimi sikucheka. Nyumbani kwangu anayechota maji kila asubuhi ni binti yangu wa miaka kumi na moja, na anapochota huingia majini hadi magotini.

Siku zile kikundi chetu cha kina mama kilipata mwalimu, mama mmoja aliyekuwa amefundisha wakimbizi kule Lusenda. Dawa yake ya woga ilikuwa kiti cha plastiki. Unakiweka mbele yako, unasema huyu ni fulani ninayemwogopa, kisha unamwambia yote ya moyoni. Ilionekana rahisi mpaka mwenzetu mmoja alipomkalisha hapo baba wa mume wake. Kwao mwanamke hali chakula mbele ya baba mkwe, wala hamtazami usoni. Basi akakigeuzia kiti mgongo na kunyamaza. Maandazi yalipoletwa hakugusa hata moja.

"Lakini mama, ni kiti tu," mwalimu akamwambia.

Akajibu akiwa bado ameangalia ukuta. "We mwenyewe njo ulisema ni papa mukwe."

Hatukuwa na la kufanya. Wawili wetu tulikibeba kiti taratibu, tukakiweka nje kivulini, ndipo mwenzetu akala.

Mimi niliyemwogopa alikuwa chefu, mkuu wa mtaa wetu, maana ndiye ambaye angekata neno juu ya mawe. Nyumbani nikachukua kiti cha mume wangu, nikamkalisha chefu. Siku ya kwanza nilikikoholea tu. Siku ya tatu nilikisalimia. Siku ya tano nilikuwa nakikaripia, kidole juu, mume wangu akaingia kutoka kazini na kusimama mlangoni.

"Kuko mugeni?"

"Ni chefu."

Akakitazama kiti, akavua kofia, akaenda kukaa kwenye mkeka. Ugali wake aliula pale chini, na alipotaka chumvi aliniomba kwa sauti ndogo asije akatukatiza. Watu husema nimeolewa na mtu wa ajabu. Mimi namshukuru Mungu kwa kile kikohozi.

Siku ya mkutano ikafika. Chefu wetu ni mtu wa mikutano mingi, na mara nyingine huitwa juu Fizi kwenye ofisi za wakubwa. Kwa hiyo alikuwa na desturi ya kutanguliza kiti chake. Ni kiti cha mbao chenye mikono, mgongoni kina kitambaa cheupe cha kufuma, na huletwa kimefungwa kwenye baiskeli. Kiti kikifika, mkutano umefunguliwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetoa amri hiyo: neno lililosemwa mbele ya kiti limesemwa mbele ya chefu. Karani anaandika, chefu atasoma baadaye.

Mwenye maboti alisimama kwanza. Alikisalimia kiti, akatabasamu, akangoja. Kiti hakikuitika. Akarudia salamu kwa Kifaransa. Kisha akajifuta jasho, akasema haraka mambo mawili matatu ya maendeleo, akakaa. Mzee mmoja akainama mbele ya kiti na kusahau alichotaka kusema. Nilikaa pale nikiwatazama wanaume wazima wakibabaika mbele ya kiti kitupu, nikashangaa sana. Viti nilikuwa navijua.

Nikainuka. "Chefu, jambo," nikakiambia, na sikungoja jibu. Nilikieleza habari ya mawe na matete. Nilikieleza beseni na kitenge. Maneno yalikuja yakifuatana kama nilivyoyazoea nyumbani, na nilikuwa nimefika kwa binti yangu niliposikia pikipiki.

Chefu mwenyewe. Watu wote wakasimama. Akapita katikati akisalimia huku na huku, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake, na mimi nikasikia kikohozi kinapanda. Niliogopa, sitaficha. Lakini niliona pia kwamba akikaa tu, nimekwisha.

"Chefu, mungoje kwanza," nikasema. "Niko nasema na kiti. Siyamaliza."

Mkono wake ulikuwa tayari umeshika mbao. Akamtazama karani, karani akatazama daftari. Sheria ilikuwa yake mwenyewe.

"Maliza, mama," akasema, na akabaki amesimama kando ya kiti kama mtu aliyesindikiza mgonjwa.

Mwenye maboti akapata nguvu. "Chefu, ile mamba ni muzee, haiko hata na meno. Na pale matete ni hatua kidogo tu."

Chefu akatikisa kichwa kukubali. "Kweli, mama. Ni hatua kidogo."

Hilo sikuwa nimelifanyia mazoezi. Wala sikuwa tena nakiangalia kiti. Nilikuwa namwangalia yeye machoni.

"Basi, chefu, kesho asubuhi tupeleke hiki kiti kwenye matete. Mi mwenyewe nitakibeba. Mukae pale mupaka tumalize kuchota."

Akakitazama kiti, akatazama upande wa ziwa.

"Pale siwezi kukaa, mama."

"Sababu ya nini?"

"Sababu ya mamba," akasema.

Hakuna aliyecheka.

"Mwe muko muntu mukubwa, chefu, tena muko na kiti. Mutoto wangu anasimamaka ndani ya maji."

Chefu akauachia mkono wa kiti. Kisha akamwambia karani, "Andika: mawe inabakia ya bamama." Karani akaandika. Chefu akashika tena mkono wa kiti, akasita, akanigeukia.

"Ninaweza kukaa sasa?"

"Mukae, chefu," nikasema.

Nami nikakaa. Hapo ndipo kikohozi kiliponikamata, kile cha tangu zamani, nikakohoa hadi machozi yakatoka na mwenzangu wa baba mkwe akanipigapiga mgongoni. Karani aliinua kalamu, akauliza kama na hicho akiandike.

"Andika," nikamwambia.