Fundi wa Rimu Aliyefunga Dirisha

Habari ya kifo chake niliipata dukani kwangu Bomet, asubuhi, mteja mmoja akinibembeleza nimpunguzie bei ya breki. Dereva wangu wa lori aliingia bila salamu, akavua kofia. "Mzee, yule fundi wako wa rimu ametuacha. Amekohoa tangu alfajiri. Gari ya kumpeleka hospitali ikifika, amenyamaza." Nikamwambia mteja achukue breki kwa bei anayotaka, aende. Wasomaji wangu mnanijua. Niliachia shule darasa la nne, nikaanza maisha kwa kuchuna chai ya watu, na leo malori yangu ndiyo yanabeba chai ya watu hao hao. Sijazoea kushindwa na kitu. Lakini siku hiyo nilisimama katikati ya duka langu mwenyewe kama mtu aliyepotea njia.

Marehemu alikuwa mtu wa huku juu ya Kapkatet, mwenye kipande cha chai na ng'ombe wachache, na kazi yake ilikuwa kuzirudishia rimu za aluminiamu za magari sura yake ya kwanza. Mnakumbuka miaka hii ya tisini ilivyoanza: magari yaliyotumika Japani yakaja kwa wingi, mengine yakiwa na zile rimu tunazoita za sport. Mkulima akipata bonasi ya chai, yale malipo ya kiwanda ya mara moja kwa mwaka, ananunua gari, analipeleka kwa barabara zetu za mawe, na baada ya misimu miwili rimu imemenyeka kama kiazi. Mpya hapati. Basi anaenda nyumbani kwa marehemu. Yeye alitoa mpira, akaosha rimu kwa sabuni ya unga, akabandua rangi kuukuu kwa dawa, akalainisha makovu kwa tupa, kisha msasa mkavu, kisha msasa wa maji, akipapasa kwa kidole gumba huku amefumba macho. "Jicho linadanganywa na mng'ao, bosi," aliniambia. "Kidole hakidanganywi." Mimi ndiye niliyemtambua kabla ya wengine, na yeyote atakayebisha, mwulizeni rimu za kwanza marehemu alizopaka zilikuwa za nani. Zilikuwa zangu.

Adui yake alikuwa ukungu. Ninyi wa nchi ya chai hamhitaji kuelezwa hali ya hewa yetu. Vanishi, ile rangi ya mwisho inayoleta mng'ao, ikipulizwa kwenye hewa yenye maji hugeuka nyeupe, na rimu ikaonekana kama imemwagiwa uji. Kwa hivyo alihamia jikoni, ile nyumba ndogo iliyo kando, yenye dirisha moja la mbao. Aliwasha makaa hewa ikauke, akayatoa nje, akafunga mlango na dirisha, ndipo akapuliza. Baadaye akapata rangi mpya inayochanganywa na hadena, dawa ya kuikausha haraka, kali hata machozi yanatoka. Mdomoni alifunga leso tu. Kinga yake hasa ilikuwa mursik, maziwa yetu ya kibuyu: kikombe kabla ya kupuliza, kikombe baada. "Hii inashuka na rangi yote," alisema, akifuta midomo. Na si yeye peke yake. Ingieni gereji yoyote kutoka hapa mpaka Kericho, mwulizeni mpiga rangi anakunywa nini.

Kikohozi kilipomwingia, mke wake ndiye aliyekuwa wa kwanza kukiogopa. Siku moja nilifika na rimu za gari la rafiki yangu nikawakuta mlangoni mwa jiko.

"Baba watoto, fungua hilo dirisha."

"Nikifungua, ukungu unaingia."

"Na ukifunga, wewe utatoka. Utatoka umebebwa."

Alicheka, na kicheko kikamgeukia kikohozi, kikamkunja mpaka akashika ukuta. Wiki iliyofuata mama yule alichukua shoka, akaling'oa dirisha, akalipasua, akalipikia ugali. Akamwekea sahani mbele: "Leo unakula dirisha lako." Basi siku hiyo marehemu alipuliza rimu hewa ikiingia. Zilikuwa za mwalimu mkuu mmoja aliyezitaka kwa harusi ya binti yake, na zote zikatoka nyeupe. Mwalimu akaziinamia. "Fundi, hizi ni rimu ama ni mandazi umenyunyizia unga?" Waliokuwa pale walicheka. Marehemu hakucheka. Kabla jua halijatua alikuwa amekata karatasi ya nailoni na kuipigilia misumari pale dirisha lilipokuwa.

Kikohozi kilipozidi, mimi ndiye niliyempeleka hospitali, kwa gari langu, maana ndugu zake walikuwa bado wanafanya mkutano. Daktari, kijana mpole, alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akamsikiliza pia habari ya mursik bila kumkatiza. Kisha akasema, "Mzee, maziwa yanaenda tumboni. Rangi inaenda kwa mapafu. Hizo ni njia mbili, hazikutani."

"Wewe umewahi kunywa mursik?"

"Nimelelewa nayo. Acha hiyo kazi, ama uifanye mahali pa wazi. Kifua hiki hakiwezi jiko tena."

Njiani nikamwambia nina ploti Ndanai, kule chini kwenye jua na upepo. Ajenge kibanda cha mabati kisicho na kuta, apake rimu mpaka azeeke, na kodi sitaki. Tulipopita kiwanda cha chai akakigeukia. "Nitaenda, bosi. Wacha bonasi itoke kwanza. Watu wataleta rimu nyingi." Sikushangaa, kwa kuwa ndivyo sisi wote huku tunavyoishi: harusi baada ya bonasi, mabati baada ya bonasi, hata jino linalouma linaambiwa lingoje bonasi. Bonasi ikatoka. Rimu zikajaa uani, akajifungia nazo nyuma ya ile nailoni, na Ndanai hakuwahi kufika.

Siku ya mazishi magari yalipangwa kando ya majani chai, na mengi yalisimama juu ya kazi ya mikono yake. Mjane hakuyatazama. Alinishika mkono akasema, "Zile rimu zimebaki, waambie wenyewe wazitoe jikoni. Nataka kupikia watoto." Hakuna neno lililosemwa na mhubiri lililoniingia kama hilo. Na udongo ukiwa bado unarushwa, nyuma yangu nikasikia mtu akimwuliza mwenzake ni fundi gani mwingine anayejua rimu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga, na hawakukosea; lakini hawakutuambia mwenye koleo akivunjika nyumba yake inaendelea na nini.

Mimi nimefanya kazi kuliko wengi wenu, na siwezi kumhubiria mtu uvivu. Ila nimejifunza hili kwenye kaburi lile, nanyi mlichukue bure. Kazi ikikutaka uchague kati yake na pumzi yako, iache siku hiyo hiyo. Kazi itapata mtu mwingine kabla hujafukiwa. Watoto wako hawatapata.