Inchi Mbili za Marehemu

Saa mbili asubuhi, siku tatu kabla ya mwaka kwisha, fundi amepiga magoti kwenye sakafu ya saruji, pini nne mdomoni, anampima mteja urefu wa sketi. Chumba kina mlango mmoja na dirisha moja. Cherehani ziko mbili. Moja inafanya kazi, nyingine imefunikwa shuka la maua tangu Julai.

"Thelathini na moja," anasema, pini zikiwa bado mdomoni.

Mezani, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anaandika kwenye daftari. Huyo ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe.

Utepe wanaopimia umechoka. Inchi mbili za mwanzo zilikatika miaka kumi iliyopita, kwa hiyo kipimo huanzia kwenye mbili, na mwishoni mbili hutolewa. Ukisoma thelathini na moja, ujue ni ishirini na tisa. Utepe mpya haufiki bei ya soda mbili, na fundi analijua hilo kuliko wote wanaomwambia.

"Ni wa mume wangu," anasema. "Basi."

Mtaani wanamwita Mama Leo, maana ni fundi asiyejua kumwambia mtu njoo kesho. Kwa miaka kumi na tisa yeye alishona magauni, mumewe suruali. Kwenye kupima, mke alitaja namba kama alivyoisoma, mume akatoa mbili ndipo akaandika.

"Mimi napiga kelele, yeye anapunguza," anasema. "Ndoa yetu ilikuwa hivyo kwa mambo mengi."

Mume aliugua miezi minane. Ugonjwa ulikula akiba yote, kisha ukala cherehani ya kudarizi, iliyouzwa kwa nusu ya bei. Alifariki Julai.

Fundi huhesabu kila kitu kwa magauni. Kodi ya chumba, kwa mwezi, ni ufundi wa magauni saba. Baada ya msiba alikuwa akishona manne, mwezi ukiwa mzuri matano, na watoto wawili nao wanataka kula. Kufika mwanzo wa Desemba alikuwa anadaiwa miezi miwili. Mwenye nyumba hakugomba. Alisema tu kwamba mwaka ukiisha na deni, atampa chumba mtu mwingine.

Ndipo kwaya ya akina mama kanisani kwake ikampa kazi: magauni kumi na tano ya Krismasi, ya zambarau, ya kubana kiunoni. Moja lilikuwa lake, maana na yeye huimba sauti ya pili. Kitambaa walinunua wao. Ufundi wa yale kumi na manne ungelipa deni lote, bila kubakisha wala kuzidisha.

Wifi yake alikuja kusaidia. Katika alasiri moja walipima wanawake wote, mmoja akitaja, mwingine akiandika. Kazi ikaenda haraka kama zamani.

Siku tano kabla ya Krismasi, akina mama wakaja kujaribu. Wa kwanza alikuwa mwimbaji mnene, mcheshi. Zipu ilipanda mpaka katikati ya mgongo ikagoma.

"Fundi, ulinipima mimi au ulimpima binti yangu?" aliuliza. Chumba kizima kikacheka.

Wa pili naye zipu ikagoma. Alipofika wa nne, hapakuwa na anayecheka.

Walipobaki wawili, wifi alimpima fundi mwenyewe kiuno, kisha wakafungua daftari. Namba yake ya daftarini ilikuwa pungufu kwa inchi mbili. Magauni yote kumi na matano yalipungua inchi mbili, kiunoni na kwenye urefu.

"Wifi, mimi nilikuwa natoa mbili kabla ya kutaja," fundi alisema.

Wifi alivua miwani. "Na mimi nilikuwa natoa kabla ya kuandika. Si ndivyo kaka alivyokuwa akifanya?"

Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Tangu mazishi walikuwa hawamtaji marehemu. Kila mmoja aliogopa kumliza mwingine, na kila mmoja alikuwa ameichukua kazi yake kimyakimya.

"Ningetaka kumlaumu mtu," anasema fundi. "Nikamtazama. Alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha kaka yake, kalamu mkononi, kama mtoto aliyevunja sahani. Ningemwambia nini?"

Duka lilikuwa limemaliza kitambaa kile. Mzigo mwingine ungekuja Januari. Fundi alipiga magoti mbele ya cherehani iliyofunikwa ili aombe.

"Sikuomba vizuri," anasema. "Nilimwambia Mungu: nimechoka, na Krismasi yako imenikuta vibaya. Nilipofungua macho nikaliona gauni langu ukutani."

Alichukua wembe akalifumua. Sketi ilikuwa pana. Ilitoa vipande ishirini na vinane, viwili kwa kila gauni, kimoja kila ubavu. Pindo alizishusha. Wifi, ambaye hajui kushona, alifumua mishono, akapiga pasi, akaokota nyuzi.

"Sasa wewe utavaa nini?" wifi alimuuliza.

"Nguo."

Mama Leo alikuwa ameahidi kukabidhi kazi siku tatu kabla ya Krismasi. Alikabidhi mkesha wa Krismasi. Kamati ya kwaya ilimkata ufundi wa magauni matatu kwa kuchelewa, na yeye hakubisha. Kumi na moja alimpelekea mwenye nyumba siku hiyohiyo. Akabaki anadaiwa matatu. Watoto wake hawakupata nguo mpya, na mdogo aliuliza ni vipi nyumba ya fundi ikose nguo.

Asubuhi ya Krismasi alikaa benchi la mwisho kanisani, amevaa gauni jeusi la msiba. Wifi, ambaye si mtu wa kanisani sana, alikaa naye. Kwaya ikaingia.

"Niliangalia mbavu kwanza," anasema fundi. "Walipoinua mikono nikafumba macho, nikingoja kusikia kitu kinachanika. Hakikuchanika. Nikasikia wimbo. Miaka yote nimeimba, sijawahi kukaa nikausikia."

Wifi alimwinamia sikioni. "Kaka angesema mshono wa yule wa tatu umepinda."

"Umepinda kweli," fundi alijibu.

Walicheka wamejiziba midomo, mpaka watu wa benchi la mbele wakageuka. Kisha fundi akalia. Hakuwa amelia tangu mazishi.

"Kodi ilikuwa bado haijaisha. Mume wangu alikuwa bado amekufa," anasema, akichomoa pini moja mdomoni. "Lakini kuna kitu kilitua hapa kifuani, kama mtoto anayeacha kulia ukiwa umembeba. Sikukiomba. Nakuambia tu kilivyotua."

Juzi alikwenda kwa mwenye nyumba akamweleza yote. Amepewa mpaka mwisho wa Januari, kwa deni na kodi mpya, yaani magauni kumi. Shule zinafunguliwa Januari, na sare za shule hazimnyimi fundi kazi. Kuna na suruali za wanafunzi, ambazo yeye hajazizoea. Wiki ijayo shuka la maua litaondolewa na wifi ataanza kujifunza kwenye cherehani ya kaka yake.

"Nitaharibu kitambaa," wifi anasema kutoka mezani.

"Utaharibu. Hata yeye aliharibu."

Mteja anageuka, mikono juu. Fundi anauzungusha utepe kifuani kwake, anauanzisha kwenye mbili.

"Arobaini."

Kalamu inasimama. "Umetoa?"

"Sijatoa," anasema fundi. "Toa wewe, wifi. Hiyo ni kazi ya kwenu."