Treni, Nguo Chafu na Ndoo ya Uji

Nanyuki tulikwenda kwa sababu mama yangu alitaka kuona mlima. Alikuwa ametoka kwetu magharibi kunitembelea Ruiru, na maisha yake yote hakuwahi kupanda treni wala kuona theluji, kwa hiyo nikasema tutamaliza yote mawili kwa safari moja. Tulipandia Thika. Tangu mashamba ya mananasi hadi Sagana mama hakuketi. Alisimama dirishani akiwa amekumbatia kibeti chake, ananionyesha dunia kana kwamba mimi ndiye sina macho. "Ona hiyo migomba. Ona ng'ombe. Ona watoto wanatupungia mkono." Naye akawapungia wote, hata mbuzi. Mlima ulijificha siku tuliyofika, tukanuna. Asubuhi ya kurudi ukajitokeza mzima, kilele cheupe, na mama akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu Thika.

Jumapili jioni nilifika nyumbani na begi la nguo chafu, miguu imevimba, na furaha ya kijinga ambayo nilikuwa nimepanga kukaa nayo wiki nzima. Nilipofungua mlango nilikaribishwa na harufu ya sabuni.

Mume wangu alikuwa amebaki na watoto, na alikuwa amesafisha nyumba. Si kufagia tu. Alikuwa amepiga deki hadi chini ya kochi, akasugua sufuria mpaka zikarudi rangi ya dukani. Nilijua sababu. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani ovyo. Mama alikubali kulala nyumbani kwetu baada ya mabishano marefu, na hata hapo alikuwa hamsemeshi mume wangu moja kwa moja. Alikuwa anapitia kwangu. "Mwambie baba watoto nyumba inang'aa," akaniambia, na baba watoto amesimama pale pale, anatabasamu hadi masikioni.

Kisha nikaingia jikoni, nikaona ndoo yangu ya uji imepinduliwa kwenye sinki ikauke. Ilikuwa nyeupe pe.

Hapa lazima nieleze. Wifi yangu, dada ya mume wangu, alikuwa amejifungua, na Jumamosi iliyokuwa inakuja wanawake wa ukoo na wa kanisa wangekwenda kwa mama mkwe wangu huko Thika kumwona mtoto. Watu hubeba unga, sukari na kuni, lakini kitu chenyewe hasa ni uji mchachu, kwa sababu ndio humletea mzazi maziwa. Tangu niolewe katika nyumba hiyo, kazi yangu siku kama hizo ilikuwa kumenya viazi. Sikudharauliwa. Nilikuwa mgeni mwenye bidii, basi. Safari hii mama mkwe alinipigia simu, akasema, "Uji utaleta wewe." Akanipa chachu yake, yaani uji kidogo wa zamani wa kuanzishia mpya, ambayo naye alipewa na mama mkwe wake. Sharti lilikuwa moja: chini ya ndoo pabaki uji kila mara, na ndoo isioshwe kamwe.

"Nani ameosha hii ndoo?" nikauliza.

"Ni mimi," mume wangu akasema, bado anatabasamu. "Hiyo uji ilikuwa imeharibika. Inanuka, na huko juu imefanya kitu kama ngozi. Nilimwaga, nikachemsha maji, nikaweka na sabuni ya unga."

Huyu ni mtu aliyekuzwa na uji ule. Bado akienda kwa mama yake hunywa vikombe mpaka afungue mshipi. Lakini hakuwahi hata siku moja kuuliza ule uchachu unatoka wapi. Nilimweleza kwa sauti ambayo jirani wa chini aliisikia. Alipoelewa alikaa kwenye stuli ya jikoni akasema, "Mama ataniua." Nikamwambia mama yake asubiri zamu, wa kwanza ni mimi.

Kuomba chachu nyingine lilikuwa jambo rahisi la kusema. Thika si mbali. Ila nilijua mama mkwe angenijibu kwa upole, angesema usijali, na Jumamosi ningepewa kisu na gunia la viazi. Mimi nilitaka ile kazi ya uji. Nasema wazi, nilitaka kuwa wa pale.

Mimi nikikasirika hufua. Jumatatu maji ya mfereji yalikuwa yamekuja, nikafua nguo za safari, nikafua sare za watoto, nikavua mapazia yaliyokuwa hayana kosa lolote nikayafua pia. Nilikuwa napiga povu kwenye beseni huku nikimtaja mume wangu kwa majina ambayo hayamo kwenye kitambulisho chake. Mama aliketi karibu akitenganisha soksi. Akaniacha nimalize mapazia, kisha akauliza, "Kwani ule unga niliokuletea ulifungua?"

Ulikuwa unga wa kwetu, wimbi na mtama uliosagwa pamoja na muhogo mkavu. Nilikuwa nimeusukuma nyuma ya kabati.

"Mama, huo si wa kwao."

"Ni uji. Mtoto mchanga anajua kabila?"

Akakoroga unga kwa maji ya vuguvugu katika ile ndoo, akaifunika kwa kitambaa, na hapo ndipo taabu ilipoanza, maana ilikuwa Julai. Baridi ya Ruiru mwezi huo haichachushi kitu. Jumanne ndoo ilikuwa kimya, inanuka unga tu. Mama akasema inataka jua, basi tukaanza kuipandisha kwenye paa la ploti tunayopanga, kule tunakoanika nguo. Nilikuwa naanika shuka, nasogeza ndoo penye jua. Nageuza blanketi, nasogeza ndoo. Jua likiingia mawinguni mama anaifunga shali yake ya safari, ile aliyojifunika akitazama mlima. Jirani aliyepanda na beseni lake akauliza, "Sasa hiyo ndoo inakauka?" Mama akamjibu kwamba ni mgonjwa anaota jua. Tulicheka mpaka nikaketi juu ya nguo safi.

Mume wangu naye alirudi kutoka kazini kila jioni akipitia moja kwa moja kwenye ndoo. Hakuthubutu kuigusa. Aliinama na kunusa, mikono nyuma, kisha ananitazama usoni kujua kama ameshasamehewa. Alhamisi aliponusa aliruka nyuma akipepesa macho. Viputo vilikuwa vimejaa juu, na harufu ilikuwa kali, nzuri, ya kutekenya pua. Nilimkumbatia kabla sijakumbuka kwamba nimekasirika.

Ijumaa tukapika uji wenyewe, na Jumamosi tukafika Thika, mama akiwa katika gauni lake la safari. Nilimvuta mama mkwe jikoni kabla hajafungua ndoo.

"Mama, ile chachu yako haipo. Ilioshwa nilipokuwa Nanyuki. Huu uji tumeuanza upya, na unga ni wa kwetu."

Mama mkwe akachota kikombe, akanywa taratibu, akishika kila funda mdomoni.

"Iko na muhogo," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na aliosha na nini, huyo kijana wangu?"

"Maji ya kuchemka na sabuni ya unga."

Akafumba macho kidogo. Nikaona bega lake linatikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko anachokizuia kwa sababu ya wageni sebuleni. Kisha akabeba ndoo mwenyewe, akanipita, akaenda nayo.

Wifi yangu alinywa wa kwanza, mtoto mapajani, akaomba tena. Vikombe vikazunguka. Bibi mmoja wa kanisa, ambaye nadhani amekunywa uji wa kila mzazi mjini humo, alionja, akatazama ndani ya kikombe, akaonja tena.

"Haiya. Hii uji ni ya nani? Hii si ile yako ya siku zote."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya mikate. Mama mkwe wangu hakugeuka hata kunitazama.

"Ni yangu," akasema. "Lakini vile inatengenezwa mimi sijui. Muulize huyu mwanangu."

Wanawake wote wakanigeukia. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno nilianza kueleza habari ya muhogo, unaanikwa namna gani na unasagwa na nini, na machozi yananitiririka mpaka kwenye mikate, wala hakuna aliyeniuliza kwa nini. Walitaka tu kujua unga huo unapatikana wapi.