Uji wa Mkwe Kabla ya Kipimo

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nilianza na mkaa Sindeni, leo nina malori mawili Handeni, na darasa la nne sikulimaliza. Juzi binti wa maabara Korogwe aliponiambia nilale bila kula, asubuhi nije kupimwa sukari, nilimjibu, "Hayo nayajua tangu utoto."

Niliyajua kwa baba. Asubuhi ya kipimo chake nyumba ilinukia moshi na uji wa ndimu. Bibi mzaa mama, mgeni wetu, aliukoroga mwenyewe, akatia sukari tele. Baba akasogeza bakuli pembeni. Mimi nilijua mwanamume akikataa chakula kwake amesusa, na mama atarudishwa kwao. Nikaangua kilio.

"Nimekukosea nini, mkwe wangu?" bibi akauliza taratibu.

Baba akainamisha kichwa, akaunywa wote. Mchana alirudi kutoka Korogwe ananuka vumbi na spiriti ya hospitali, anacheka. "Wamepima uji wenu," alisema. "Kesho nirudi na njaa."

Na kesho yake, alfajiri, mama mkwe wangu akaniletea uji. Nilijua fika utaharibu majibu. Nikanywa, nikaongeza kikombe.

"Mzee, si nilikukataza?" binti wa maabara akafoka nilipofika.

"Mama mkwe hakatazwi. Nipange kesho."

Kipimo cha pili na mafuta ya gari langu nimelipa bila kuomba kupunguziwa: shilingi elfu thelathini na nne na mia tano.